Nilikosea Kuhusu Wangila

Wale mmenifuata kitambo mnaijua ile video. Dakika 4, picha nyeusi na nyeupe, kinanda cha huzuni nyuma, na mimi nikiongea na sauti nzito ambayo hata si yangu: Robert Wangila alishinda dhahabu ya Olimpiki, akafuata dola Marekani, dola zikamuua. Mpaka leo ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi. Watu waliilia. Kuna msee aliniandikia ati ameifanya mlio wa simu yake, kitu ambacho bado sijaelewa.

Leo naandika kuikana.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nje ya ploti naosha viatu, jirani yetu mmoja akaja akasimama hapo na begi lake la mazoezi. Ana miaka 20, ni bondia, na mtaani kwetu hakuna asiyemjua. Amepigana ndondi za ridhaa tangu shule ya msingi, na vikombe alivyoshinda vimejaa kwa kabati ya mama yake mpaka vyombo vya kulia vimehamia kwa beseni. Sitataja jina lake.

"Buda, umeniharibia," akasema.

Nikadhani ni story ya spika niliyokopa sijarudisha.

"Mathe ameonyeshwa video yako na wenzake wa chama. Sasa ameapa. Nikisaini kupigana kwa pesa, nisikanyage kwake tena."

Kumbe kuna promota amempa mkataba. Pambano la kwanza raundi 4, halafu mengine yafuate. Yeye anaona ni mlango. Mama yake anaona ni jeneza, na aliyemwonyesha jeneza ni mimi. Kijana aliniomba kitu kimoja tu: kwa vile mimi ndiye nilimtisha mama, niende nikaongee naye.

Kabla sijaenda, nilifanya ile kazi niliyofaa kufanya kabla ya kurekodi. Nilisoma. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona aibu, kwa sababu kila sentensi ya video yangu ilikuwa kweli lakini ukizipanga zote pamoja unapata uongo.

Tuanzie Seoul, mahali nilipopita kwa sekunde chache tu. Wangila alikuwa ameshinda dhahabu ya Michezo ya Afrika hapa Nairobi mwaka 1987, kwa hivyo hakuwa bahati nasibu. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 21, akafika fainali ya Olimpiki, uzani wa welter, kilo 67. Mpinzani alikuwa Laurent Boudouani wa Ufaransa. Raundi ya pili, Boudouani akaanguka, kwisha. Majaji hawakuulizwa kitu. Na afadhali hawakuulizwa, kwa sababu Olimpiki hiyo hiyo Roy Jones Jr. wa Marekani alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini mbele ya dunia nzima kwenye fainali, na ushindi ukapewa Park. Watu wanabishana mpaka leo.

Kenya ilirudi na dhahabu 5 mwaka huo. Paul Ereng mita 800, Peter Rono 1500, John Ngugi 5000, Julius Kariuki kuruka viunzi na maji. Nne za miguu. Ya tano ya ngumi. Na hii ndiyo sehemu ambayo huwa nawaambia marafiki wangu wanakataa mpaka watafute wenyewe: tangu Kenya ianze kwenda Olimpiki, dhahabu zetu zote zimetoka kwa riadha isipokuwa moja. Hiyo moja ni ya Wangila. Tena mwaka huo ndio wa mwisho bondia wetu kusimama kwa jukwaa la Olimpiki. Wangila dhahabu, Chris Sande shaba, halafu kimya. Paris 2024 hatukuwa hata na bondia mmoja.

Sasa, video yangu ilitoka hapo ikaruka moja kwa moja hadi Las Vegas, Julai 1994. Anapigana na David Gonzales, refa anasimamisha pambano raundi ya 9, Wangila analalamika kwamba bado ana nguvu, anarudi chumba cha kubadilishia nguo, anazimia. Siku mbili baadaye amefariki. Miaka 26. Mazishi yenyewe yakaingia mvutano wa dini mpaka mahakamani. Ukiweka kinanda hapo, hata jiwe litalia.

Kile nilichoruka ni miaka mitano. Katika hiyo miaka alipanda ulingoni kama bondia wa kulipwa mara 27 na akashinda 22. Huyo si mtu aliyeenda kupotea. Huyo ni mtu aliyeenda kazini. Mimi nilimfanya aonekane kama amepanda ndege Jumatatu akafa Ijumaa.

Lakini kilichonigonga kabisa ni yule Mfaransa.

Nani kati yenu amewahi kujiuliza Boudouani aliishia wapi? Mimi sikuwahi. Kwangu alikuwa ni ule mwili unaoanguka. Basi Boudouani alirudi kwao na fedha yake, akaingia ndondi za kulipwa, akapigana sana Ufaransa na Ulaya, akawa bingwa wa Ulaya, na mwaka 1996 akachukua mkanda wa dunia wa WBA, uzani wa light-middle. Akaushika mpaka 1999. Yaani mtu ambaye Mkenya alimlaza raundi ya pili ndiye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Yule aliyemlaza alikuwa kaburini miaka miwili kabla mwenzake kuvaa huo mkanda.

Nilikaa na hiyo habari usiku mzima. Kwa sababu ikiwa shida ni tamaa ya dola, mbona Boudouani naye alitamani pesa na hatuimbi wimbo wa huzuni juu yake? Wote wawili walifanya kitu kilekile: waliacha fulana ya taifa wakaenda kupigana kwa malipo. Wale wengine wa Seoul pia. Lennox Lewis, Riddick Bowe, Ray Mercer, Roy Jones, wote walitoka hapo wakaingia kulipwa na wote wakawa mabingwa wa dunia. Hakuna anayesema walifuata dola. Inasemekana waliendelea na kazi.

Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Boudouani alikuwa na mahali pa kukulia. Bondia wa kulipwa hazaliwi ameiva. Anapewa mapambano ya raundi 4, halafu 6, halafu 8, mbele ya watu wa kwao, dhidi ya wapinzani wanaochaguliwa pole pole ili ajifunze bila kuvunjwa. Hiyo ni pesa ya mtu. Ni televisheni inayonunua, ukumbi unaojaa, promota anayejua akimharibu leo hana biashara kesho. Sasa rudi Nairobi 1989. Nchi nzima ilikuwa na stesheni moja ya televisheni, ya serikali. KTN ilikuja 1990. Nani angelipia Wangila kupigana kila miezi miwili hapa nyumbani? Alikuwa na jina, alikuwa na dhahabu, lakini hapakuwa na duka la kuuzia.

Na hakuwa wa kwanza kufunga virago. Philip Waruinge, kwa wale hawamjui (na ni wengi, nilifanya uchunguzi wa haraka kwa grupu yetu ya darasa, mtu mmoja alidhani ni mbunge), alipata shaba ya Olimpiki Mexico 1968 na akapewa tuzo ya Val Barker, inayopewa bondia mwenye ustadi kuliko wote kwenye mashindano. Wote, si wa uzani wake tu. Akaongeza fedha Munich 1972. Alipotaka kulipwa kwa mikono yake, alienda Japani. Mabondia wetu bora wamekuwa wakitoka nchini kwa sababu ileile, halafu tunakaa hapa tukisema walikuwa na haraka.

Hapa nataka nikae kidogo kwa hii kitu inaitwa umaarufu, kwa sababu ndiyo kazi yangu na nadhani naielewa kuliko ndondi.

Ukiwa bondia wa ridhaa na umevaa rangi za Kenya, unapendwa bure. Hujauza kitu. Bendera inakuuzia. Hata mtu ambaye hajui kona ya ulingo ni ipi atapiga kelele kwa sababu ni Kenya. Na mara nyingi nyuma yako kuna mshahara. Kwetu klabu kubwa za ndondi za ridhaa zimekuwa za polisi, magereza na jeshi, na hiyo imeokoa maisha ya mabondia wengi. Nick Okoth, yule wanamwita Commander, alipigana Beijing 2008 na akarudi tena Tokyo, miaka 13 baadaye, akiwa mwanajeshi. Unaweza kupoteza pambano Jumamosi na Jumatatu bado uko na kazi.

Siku unayosaini ndondi za kulipwa, bendera inashuka. Sasa ni wewe. Watu hawaji kuona Kenya, wanakuja kukuona wewe, na wasipokuja, hiyo ni shida yako. Malipo yako nayo hayafiki yote. Kwa kawaida meneja anaweza kubeba hadi thuluthi moja, kocha asilimia 10, na bado hujalipia vipimo, chakula, nauli na wale unaofanya nao mazoezi. Ukisikia bondia wa raundi 6 amelipwa kiasi fulani, kata karibu nusu kichwani mwako ndipo umwonee wivu.

Mchezo wenyewe unabadilika. Seoul ilikuwa raundi 3 za dakika 3, na kofia ya kinga kichwani. Las Vegas hakuna kofia, na raundi zinaenda mpaka 10 au 12. Zamani mapambano ya ubingwa yalikuwa 15. Yalipunguzwa baada ya Duk Koo Kim wa Korea Kusini kufariki kutokana na pambano lake na Ray Mancini, huko huko Las Vegas, 1982. Mpaka mtu afe ndipo karatasi ibadilishwe. Wangila alisimamishwa raundi ya 9, raundi ambayo kwenye ndondi zilizompa jina haikuwepo kabisa.

Kwa hivyo kijana anayetoka ridhaa anadhani anabeba umaarufu wake aende nao. Habebi. Anauacha kwa mlango kama viatu. Yule shabiki aliyelia Seoul 1988 hakununua tiketi ya Wangila Las Vegas, angeinunuaje? Wengi wa Wakenya walimsikia tena alipokufa.

Na sisi tunaotengeneza kontenti tuko hapo hapo kwa hicho kifo tunangoja. Niseme ukweli wangu. Nilipoweka video ya Wangila, watu walimiminika. Mwezi uliofuata niliweka nyingine kuhusu Fatuma Zarika, na hiyo mlinipita kama kibanda cha mitumba saa mbili usiku. Zarika! Mwanamke aliyesafiri Flint, Michigan, mwaka 2016, ugenini kabisa, akampokonya Alicia Ashley mkanda wa dunia wa WBC, uzani wa super-bantam, halafu akarudi kuutetea hapa Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia. Ubingwa wa dunia, mtu mzima, mzima kiafya. Hamkutaka. Nami badala ya kuwauliza kwa nini, nikarudi kutafuta huzuni nyingine.

Huzuni iliyo karibu zaidi ni Conjestina Achieng. Miaka ya 2000 hakuna mtoto hakumjua. Hata nyanya yangu wa ushago, ambaye hatazami mpira, alijua Conje anapigana lini. Tangu augue, tumemgeuza kipindi. Kila baada ya muda picha yake inasambaa, watu wanachanga, mwanasiasa anaonekana naye, tunaandika "tuwajali mashujaa wetu" na vidole viwili vya maombi, halafu kimya mpaka picha nyingine. Mimi pia niliwahi kuweka picha yake. Sikumwomba ruhusa, na hali aliyokuwa nayo kwa hiyo picha, mimi nisingetaka mtu aniweke hivyo. Niliitoa kitambo lakini sikuwahi kusema kwa nini. Ndiyo nimesema.

Tukitoka hapo tuvuke mpaka kidogo. Tanzania wana Hassan Mwakinyo wa Tanga. Mwaka 2018 alienda Birmingham akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, kwao Eggington. Lakini kilichonivutia si hilo pambano, ni kilichofuata. Watanzania walimpokea na wakaendelea kumtazama. Anasifiwa, anatukanwa, anabishaniwa kwa vijiwe na redioni kama mchezaji wa Simba au Yanga. Ndondi za kulipwa kwao zinaonyeshwa kwa televisheni usiku kucha na watu wanakesha. Mabondia wetu wengi wamevuka kwenda kupigana huko, mara nyingi wao ndio wageni wanaoletwa kumpima mwenyeji. Ukiwa mgeni kwa ndondi, elewa, unahitaji kushinda mara mbili ili uhesabiwe moja. Sisi tunaringa tuna dhahabu ya Olimpiki, wao wana ukumbi uliojaa. Muulize bondia yeyote wa miaka 20 angechagua gani.

Basi na hayo yote kichwani, nikajiona wakili. Nikaenda kwa mama yake yule kijana jioni moja, nimebeba mkate na maziwa kama mtu anayeenda kuposa.

Alinipokea vizuri. Akaniita "kijana wa kamera". Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba video ilikuwa nusu ya hadithi, nikamweleza habari za Boudouani, raundi 4, raundi 6, televisheni, yote. Nilikuwa moto. Kijana amekaa kwa kiti cha kona, anaangalia sakafu.

Mama akangoja nimalize chai. Akaniuliza, "Kwa hivyo huyo Wangila angepigania Kasarani, hizo ngumi zingekuwa za pamba?"

Manze, sikuwa na jibu. Bado sina. Kwa sababu hiyo ndiyo shimo kwa hoja yangu yote, na yeye aliiona kwa dakika moja bila kusoma kitu. Naweza kulaumu nchi, televisheni, mapromota na mashabiki, lakini kilichomuua Wangila ni ngumi za kichwa, na ngumi hazina uraia. Duk Koo Kim alikuwa bondia mzuri aliyepata nafasi yake, na alikufa vilevile. Boudouani kuwa hai si ushahidi kwamba Ufaransa kuna dawa.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia sijui kumhakikishia.

Halafu nikamwambia kitu kingine, na hiki sikukipanga. "Mama, hata sasa anapigwa."

"Sasa ana kofia."

Nikamwangalia kijana. Akaendelea kuangalia sakafu. Nikajua hajawahi kumwambia. Wanaume wakubwa wa ridhaa walivuliwa kofia ya kinga kitambo, Rio 2016 walipigana bila. Anapanda pale kichwa wazi kama wa kulipwa, tena kwa mashindano anaweza kupigana mara tatu, nne kwa wiki moja. Kile kinachoitwa salama na mama yake ni ngumi zilezile, bila malipo.

Mama hakupiga kelele. Alisimama, akaenda kwa kabati, akasogeza vikombe, akatoa bahasha. Ndani ilikuwa mkataba. Kumbe alikuwa ameuficha, na kijana alidhani umepotea. Akaniwekea mezani. "Wewe umesoma. Nisomee mahali pameandikwa nani analipa hospitali."

Tukasoma. Kurasa 3. Kuna mahali pa malipo ya pambano, yanaeleweka. Kuna mahali promota anakuwa na haki ya mapambano yake miaka 3, na hapo nikasoma mara mbili, kwa sababu miaka 3 ya bondia wa miaka 20 ni ujana wake wote mzuri. Kuna mahali pa picha na video. Hospitali haipo. Kipimo cha ubongo kabla ya pambano, hakipo. Gari la wagonjwa nje ya ukumbi, daktari kando ya ulingo, hakuna aliyeandika. Akiumia mazoezini asiweze kupigana miezi sita, karatasi imenyamaza kabisa.

"Basi hiyo ndiyo video yako ingesema," mama akaniambia. Hakuwa amekasirika. Ilikuwa kama anasema chumvi imekwisha.

Kwa hivyo msimamo wangu sasa, kwa wale mtauliza. Sitamwambia kijana yeyote asiingie ndondi za kulipwa. Ni kazi, na mtu ana haki ya kuuza alichofunza mikono yake kwa miaka kumi. Wangila alikuwa na hiyo haki na sitamwita mwenye tamaa tena. Lakini pia sitamsukuma mtu, kama wale wanaoandika "ingia kulipwa utoke mtaa" wakiwa wamekaa kwa kochi. Kabla ya kusaini, uliza kipimo cha kichwa kinalipwa na nani. Uliza daktari ni nani na atakuwa wapi. Mpinzani wako, tafuta rekodi yake kwa BoxRec, usiamini bango. Uliza mkataba unaisha vipi ukitaka kutoka, si unaanza vipi. Na ukiona promota anakasirika ukiuliza, hilo nalo ni jibu, tena amekupa bure. Kama una nafasi ya kazi kwa klabu ya polisi au jeshi, usiidharau ati ni ya wazee. Mshahara wa mwisho wa mwezi unampa bondia ruhusa ya kukataa pambano baya, na nina uhakika hiyo ruhusa imeokoa wengi kuliko kofia.

Kuhusu sisi mashabiki, mimi nimeanza kidogo. Mwezi huu nilienda kutazama mapambano ya vijana, kiingilio bei ya chipsi na soda. Tulikuwa watu wachache hadi ulisikia kocha akinong'ona. Pambano la nne lilikuwa tamu kuliko mechi yoyote niliyotazama msimu huu, na hakuna aliyelirekodi isipokuwa mimi na shangazi yake mmoja wa mabondia, ambaye alikuwa anarekodi dari kwa sababu alikuwa anaruka.

Video ya Wangila nimeitoa. Najua ilikuwa inaniletea wafuasi. Nitatengeneza nyingine ndefu, itakayokuwa na Seoul yote, Boudouani, ile miaka mitano, na mwisho pia, kwa sababu mwisho nao ni kweli.

Kijana alimpelekea promota maswali ya mama yake, matano, yameandikwa kwa mkono. Siku ya tisa leo hajajibiwa. Bado anaamka saa kumi na moja kukimbia, namsikia akipita. Mkataba umerudi nyuma ya vikombe. Kama kuna mtu anajua wakili anayeelewa mikataba ya michezo na hataitisha pesa ya kutuangusha, niandikie inboksi. Tunahitaji mtu wa kusoma hizo kurasa 3 na sisi, hasa ile ya miaka 3.